Kutabiri mwenendo wa saratani kwa picha za CT: mwongozo kwa anayeanza

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwanafunzi wa uzamili hapa Dodoma anayetafiti saratani ya umio. Alitaka kujua kama picha za CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) zilizopigwa kabla ya matibabu zinaweza kuonyesha ni mgonjwa yupi yuko hatarini zaidi. Kazi hii inafanyika kwa kompyuta mpakato ya kawaida na programu za bure.

Hatua ya 1: Kibali. Pata kibali cha maadili ya utafiti na ruhusa ya hospitali, kisha ondoa majina na namba za faili kabla picha hazijatoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu.

Hatua ya 2: Faili za DICOM, yaani faili asilia za picha kutoka kwenye mashine ya CT. Filamu iliyopigwa picha kwa simu ikatumwa WhatsApp haifai hata kidogo. Unachohitaji ni namba za Hounsfield, zinazopima jinsi kila sehemu ya mwili inavyozuia eksirei (maji 0, hewa -1000), nazo hazibaki kwenye picha ya simu.

Hatua ya 3: Chagua mfululizo mmoja kwa kila mgonjwa. Hapa ndipo muda unapoishia, kwa hiyo nenda taratibu. Fungua CD ya mgonjwa mmoja: utakuta picha za kabla ya dawa ya kuongeza mwonekano, za baada ya dawa, na hizohizo zilizochakatwa mara ya pili kwa ajili ya mifupa au mapafu. Mgonjwa ni yuleyule, siku ni ileile, lakini namba za mchoro wa ndani wa uvimbe zitatofautiana. Ukichanganya, kompyuta itajifunza tofauti za mashine na kukuletea kana kwamba ni tofauti za ugonjwa.

Soma lebo tatu (taarifa zilizohifadhiwa ndani ya faili la DICOM) kwenye kila faili: 0018,0050 (unene wa kipande), 0018,1210 (aina ya uchakataji) na 0018,0010 (dawa). Ziweke zote kwenye jedwali kabla hujagusa uvimbe wowote. Unene usiuamini peke yake, kwa sababu umbali kati ya vipande unaweza kuwa tofauti na unene huo. Upime kwa lebo 0020,0032 (mahali kipande kilipo) ya kipande kimoja na kinachofuata. Humohumo utagundua pia vipande vilivyopotea wakati wa kunakili CD. Picha za milimita 5 usizishushe hadi milimita 1 ukidhani zimepata undani. Programu inabashiri tu kilichopo katikati. Mimi napendelea kuchagua umbali mmoja wa vipande ulio karibu na picha nyingi ulizonazo, na kuacha zilizo mbali sana hata kama idadi ya wagonjwa itapungua.

Hatua ya 4: Chora uvimbe. Tumia 3D Slicer, programu ya bure ya kuchora mipaka ya uvimbe kwenye picha. Baadhi ya wagonjwa wachorwe na wataalamu wawili wa radiolojia, kila mmoja peke yake. Kipimo cha uvimbe (utakachotoa katika hatua ya 5) kinachobadilika kwa sababu mchoraji amebadilika, kitupe.

Hatua ya 5: Toa vipimo. Tumia PyRadiomics, programu ya bure inayogeuza uvimbe uliochorwa kuwa namba za ukubwa, umbo na mchoro wake wa ndani; mipangilio ileile kwa wote, na faili la mipangilio ulihifadhi.

Hatua ya 6: Tarehe ya kifo, au ya mwisho mgonjwa kuonekana hai. Mgonjwa wa Kondoa au Manyoni akimaliza matibabu hurudi kwao, na namba ya simu iliyoandikwa kwenye faili mara nyingi ni ya ndugu aliyemsindikiza. Asipopatikana, usimhesabu kuwa hai hadi leo, wala usimfute. Andika tarehe ya mwisho aliyoonekana akiwa hai. Modeli ya Cox, hesabu ya takwimu inayohusisha vipimo na muda wa kuishi, inajua kumtumia hadi siku hiyo.

Hatua ya 7: Pima dhidi ya ukubwa wa uvimbe. Hili nalishikilia kuliko yote. Utafiti maarufu wa Hugo Aerts na wenzake wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa vipimo vya picha vinatabiri uhai wa wagonjwa wa saratani ya mapafu na ya kichwa na shingo. Mwaka 2019 watafiti wengine waliurudia uchambuzi wakakuta sehemu kubwa ya uwezo huo ilitoka kwenye ujazo wa uvimbe tu. Basi tengeneza modeli mbili: moja ya ujazo pamoja na hatua ya ugonjwa, nyingine yenye vipimo vyako vyote. Linganisha faharasa C zao (kipimo cha jinsi modeli inavyopanga kwa usahihi nani yuko hatarini zaidi), ukikumbuka kwamba 0.5 ni kubahatisha. Kama ya pili haijaizidi ya kwanza, liandike hivyohivyo kwenye ripoti.

Daktari asiitumie modeli kuamua tiba ya mtu mpaka ijaribiwe kwa wagonjwa wa hospitali nyingine, waliopigwa picha kwa mashine nyingine.