Somo: Namna ya kuikamata ndoto kabla haijatoroka

Kwa miaka mingi nilijua mimi si mtu wa kuota. Naamka saa kumi na nusu alfajiri hapa Kayole ili nipate matatu kabla foleni haijaanza, na kichwani huwa hamna kitu. Mke wangu huamka saa moja, na kila siku ana kisa: mara marehemu mamake, mara ng'ombe ndani ya lifti. Nilidhani ni kipaji. Kumbe tofauti yetu ilikuwa saa ya kuamka, na kitu ambacho mkono unakishika kwanza.

Nitaanza na sababu, maana hatua bila sababu utaziacha siku ya tatu.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya karibu dakika 90. Ndani ya kila mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope. Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago ndio waliokieleza mwaka 1953, na leo kinaitwa REM. Ndoto ndefu zenye kisa na rangi nyingi hutoka humo. Mwanzoni mwa usiku kipindi hicho ni dakika chache tu, lakini kuelekea asubuhi kinaweza kufika nusu saa na zaidi. Usiku ni kama kondoo: mafuta yako mkiani. Sasa wewe umelala saa tano, alamu imelia saa kumi na nusu. Umekatwa mkia.

Jambo la pili ni la ubongo wenyewe. Wakati wa REM kemikali iitwayo noradrenalini hushuka sana, nayo ni mojawapo ya zile zinazosaidia kumbukumbu kushika. Ni kama karani yuko kazini, mezani hana wino. Ukiamka wino unarudi, ila karani anaandika kilicho mbele yake wakati huo: mlio wa simu, ujumbe wa jana, makanga anayepiga kelele barabarani. Ndoto haikupata zamu.

Hatua ya 1. Lala vya kutosha, saa saba au nane. Najua ni rahisi kusema. Kama siku za kazi haiwezekani, fanyia zoezi Jumamosi.

Hatua ya 2. Weka daftari na penseli kando ya mto. Nasema penseli kwa sababu biro hugoma ukiandika umelala chali. Simu isiwe daftari lako. Ukiifungua tu, kikundi cha chama kimeshakutumia mambo 40. Kabla ya kufumba macho jiambie mara kadhaa, "Nikiamka nitaikumbuka." Nilicheka nilipoambiwa hili. Silicheki tena.

Hatua ya 3, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukishtuka, usisogee. Usifumbue macho, usigeuke, usimwulize mtu saa. Usijiulize "nimeota nini?", swali hilo ni kubwa mno kwa mtu aliyeamka sasa hivi. Jiulize unahisi nini: hofu, aibu, furaha, haraka? Hisia hukaa kidogo baada ya picha kuondoka. Ishike, halafu rudi nyuma: nilikuwa wapi mwisho? Kabla ya hapo? Ukikosa, geuka polepole ulale kwa ubavu mwingine unaopenda, usubiri tena. Kipande kimoja kikija, vingine hukifuata. Alamu iwe ya sauti ya chini, inayozima yenyewe.

Hatua ya 4. Andika maneno matatu au manne kwanza, kisha ujaze. Andika kwa herufi kubwa. Otto Loewi, mwanasayansi aliyekuwa Graz, Austria, aliota jaribio zima, akaamka akaliandika, na asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake mwenyewe. Bahati yake ndoto ilirudi usiku uliofuata. Safari hiyo aliinuka akaenda maabara moja kwa moja. Jaribio lile la mioyo ya vyura ndilo lililompeleka kwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1936, pamoja na Henry Dale. Wewe na mimi ndoto hairudi.

Asubuhi isiyo na kitu andika "hamna". Fanya hivyo kwa wiki mbili hivi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mimi ni askari wa usiku Industrial Area, nalala asubuhi. Kwangu itafanya kazi?

Itafanya, tena una nafasi nzuri, kaka. Mwili huelekea REM zaidi saa za asubuhi. Adui wako ni mwanga na kelele za ploti. Tundika blanketi dirishani.

Nyanya yangu alikuwa akisema ukiamka ukachungulia nje, ndoto inatoroka. Ni ushirikina?

Hapana, dada, nyanya aliona mbali. Umesogea, mwanga umeingia, karani amepata kitu kingine cha kuandika.

Ijumaa nikipiga bia kadhaa sikumbuki chochote, halafu alfajiri naota vituko. Mbona?

Pombe huikandamiza REM nusu ya kwanza ya usiku. Ikishaisha mwilini, REM inarudi kudai deni lake, na usingizi wenyewe unakatikakatika.

Naamka nikiwa siwezi kusogeza hata kidole, kuna mtu kama amenikalia kifuani. Ni jini?

Wazee huliita jinamizi. Wakati wa REM misuli hulegezwa ili usitende unachoota. Akili ikiamka kabla misuli haijafunguliwa, ndiyo hali hiyo. Huisha yenyewe baada ya muda mfupi. Ikikurudia mara kwa mara, mwone daktari.

Natumia dawa za sonona na ndoto zimepungua. Niziache?

Usiziache. Nyingi kati yake hupunguza REM, hilo linajulikana. Zungumza na aliyekuandikia.

Mwalimu, nimeota nyoka. Maana yake nini?

Hapo umenivukisha mpaka, somo langu linaishia kwenye kukamata. Ila iandike kabla hujamsimulia mtu, kwa sababu ukishaisimulia mara mbili nyoka watakuwa watatu.