Kuiweka Notepad++ Kwenye Flashi

Mwanafunzi wa Tanga anayeandika hati za programu kwenye kompyuta za Windows za intaneti kafe, ambako haruhusiwi kusakinisha chochote, anaweza kuibeba Notepad++, programu ya bure ya kuandikia maandishi na msimbo, ndani ya flashi. Kutoka tovuti rasmi, pakua toleo la kubebeka (portable) lililobanwa kwenye faili la zip, wala si lile la kusakinisha, kisha lifungulie kwenye folda mpya ya flashi. Hakikisha kuwa faili tupu liitwalo doLocalConf.xml limo kando ya notepad++.exe, kwa sababu ndilo linaloielekeza programu itunze mipangilio yako humo humo badala ya kuiacha kwenye kompyuta ya watu. Tafadhali usilifute, hata likionekana halina kazi. Ukimaliza, hifadhi kazi na ufunge programu kabla ya kuichomoa flashi.