Namna ya Kupima Programu ya Kusanifu Tovuti Kabla ya Kuilipia

Mwezi Machi 2018 kampuni ya Adobe ilitangaza kuachana na Muse, programu iliyowawezesha wasanifu kutengeneza tovuti bila kuandika msimbo, yaani maagizo yanayosomwa na kompyuta, na ilipofika Machi 2020 msaada wake ukakoma. Tovuti zilizokwisha kutengenezwa ziliendelea kufunguka, lakini kuzirekebisha kwa mkono ni kazi ngumu mno, kwa kuwa msimbo wake haukukusudiwa kusomwa na mtu. Ndiyo maana mimi huanza kupima programu yoyote kwa swali la mwisho: siku nikiihama, nitaondoka na nini?

Usiipime kwa video za matangazo wala kwa violezo vilivyokwisha kupambwa. Chukua kazi moja ndogo ya kweli, uijenge ile ile katika kila programu unayoilinganisha. Mimi hutumia ukurasa wa nyumba ya wageni wenye menyu ya viungo vitano, picha tatu, jedwali la bei za vyumba na fomu ya kuweka nafasi. Jedwali na fomu hufichua udhaifu mapema, kwani programu nyingi hupendeza kwenye picha kubwa na maneno machache, kisha hukwama pale data inapotakiwa kupangwa kwa safu.

Ukurasa ukikamilika, jaribu kuutoa nje ya programu. Wix, huduma ya kutengenezea tovuti mtandaoni, haikupi njia ya kuhamishia tovuti nzima kwenye seva nyingine, yaani kompyuta nyingine inayohifadhi tovuti. Webflow hukuruhusu kupakua msimbo ukiwa na mpango wa kulipia, ila fomu na maudhui yanayotoka kwenye hifadhi yake ya data hayafanyi kazi nje ya seva zake. WordPress hutolewa kwa leseni huria, hivyo faili na hifadhidata unaweza kuzihamisha utakako, lakini angalia kiongezi (plugin) unachotumia kupangia kurasa, maana baadhi ya viongezi vikizimwa huacha ukurasa umejaa mabano na maneno yasiyoeleweka.

Ukishapata faili, zifungue kwenye kihariri cha maandishi cha kawaida. Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo kiini cha kipimo chote. Katika programu moja ya kulipia nilikuta neno moja tu, «Vyumba», limefungwa ndani ya div 11, yaani visanduku vya msimbo visivyo na maana maalumu, na kitufe cha «Weka nafasi» hakikuwa kitufe bali div iliyopakwa rangi ya kijani. Kwa macho kilionekana sawasawa. Nilipobonyeza Tab kwenye kibodi, inayokuhamisha kutoka kiungo au kitufe kimoja hadi kingine, kikarukwa. Asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea skrini, asingejua kwamba hapo pana mahali pa kubonyeza. Kwa hiyo hakikisha kichwa kikuu kimeandikwa kwa alama ya h1 ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kitufe kwa button, na jedwali kwa table. Hakikisha pia kwamba rangi za maandishi na usuli zinafikia uwiano wa utofauti wa mwanga wa 4.5 kwa 1 unaotakiwa na WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, kwa maandishi ya kawaida.

Kisha chukua simu ya bei nafuu, siyo ile unayojivunia, uufungue ukurasa kwa bando badala ya Wi-Fi ya ofisini. Google huhesabu kuwa ni vizuri iwapo kipengele kikubwa kuliko vyote kwenye skrini, kama picha au aya, kinaonekana ndani ya sekunde 2.5. Ukurasa wa picha tatu ukichukua sekunde nane, tafuta kama kosa ni la picha zako au la mafaili ambayo programu imeyaongeza bila kukuuliza.

Kwa tovuti ya Kiswahili, angalia kama programu inakuruhusu kuitambulisha lugha ya ukurasa kwa alama ya «sw», la sivyo kivinjari na kisoma skrini vinaweza kuichukulia kuwa ni Kiingereza. Andika «ng'ombe» na «Tumepokea maombi yako», uone kama fonti inaionyesha ritifaa (alama ya ') ipasavyo na kama sentensi hiyo inaenea katika nafasi iliyopimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza.

Gharama ikokotoe kwa miaka mitatu, siyo kwa mwezi, ukijumlisha ada ya kila mhariri na mabadiliko ya thamani ya dola, kisha usome masharti ujue tovuti itakuwaje malipo yakichelewa.

Jaribio la mwisho halikuhusu wewe. Mkalishe mpokeaji wageni wa nyumba ya mteja wako mbele ya kompyuta, umwombe abadilishe bei ya chumba kimoja, nawe ukae kimya kabisa. Andika kila mahali anaposita. Ikibidi umshike mkono ndipo aipate bei, programu hiyo haimfai mteja huyo, hata kama wewe umeipenda.