Lobi ya hoteli kwa mtindo wa Kiskandinavia: nafasi, mwanga, mbao

Hoteli ya SAS Royal ilipofunguliwa Copenhagen mwaka 1960, msanifu wake, Arne Jacobsen, alikuwa amechora karibu kila kitu: jengo, viti, taa, mapazia, hata vitasa na vijiko. Kiti chake maarufu kinachoitwa Yai alikibuni mwaka 1958 kwa ajili ya hoteli hiyo. Mgongo wake mrefu umepinda hadi mbavuni mwa aliyekaa, kwa hiyo mgeni anapata faragha yake huku watu wanapita na masanduku. Hapo ndipo pa kuanzia kazi ya kupanga lobi: mgeni atakaa wapi, amegeukia nini, na nini kiko nyuma yake.

Wengi huanzia kwingine. Wanapaka kuta nyeupe pe, wanaleta viti vya miguu myembamba na zulia la manyoya, halafu wanashangaa ukumbi unafanana na zahanati, unaumiza macho saa saba mchana na kupiga mwangwi kila sanduku likiburutwa.

Pima kabla ya kununua chochote

Tuchukue lobi ya mita 8 kwa 12, yenye dari ya mita 3.2. Hizo ni mita za mraba 96. Ondoa 30 za njia na 16 za mapokezi, zinabaki 50. Ukihesabu mita za mraba 2.5 kwa kila mtu, una nafasi ya watu 20, na usiongeze wa 21. Wagawe hivi: sofa ya watu watatu na viti viwili vya mikono, kundi jingine la viti vinne, meza ndefu ya watu wanane, na benchi la watatu karibu na mlango kwa wanaosubiri teksi.

Chora makundi hayo sakafuni kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ukubwa wake halisi, kisha mwambie mtu apite na toroli ya mizigo. Njia kuu kutoka mlangoni hadi kaunta na lifti iwe na upana wa sm 180, na kati ya kundi na kundi sm 120. Kutoka sofa hadi meza ya kahawa sm 40 hadi 45: ikizidi, mgeni anainuka kila anapotaka kikombe; ikipungua, anagonga goti. Kaunta iwe na kimo cha sm 105 hadi 110, na sehemu yake moja ishuke hadi sm 75 au 80, wazi chini, kwa mgeni wa kiti cha magurudumu.

Kuhusu viti, tahadhari moja. Vya Kiskandinavia vingi ni vya chini, vingine sm 36 tu. Vinapendeza pichani, ila mzee akikaa hawezi kuinuka bila kushikwa mkono. Agiza vya sm 43 hadi 45, vyenye mikono ya kujiinulia, na sponji ya kilo 35 kwa mita ya ujazo au zaidi. Sponji nyepesi hubonyea baada ya miezi michache. Kila kiti kiwe na kitu nyuma yake: ukuta, rafu, kiambaza cha fito, au chungu kikubwa cha mmea. Kiti kilichoachwa katikati ya ukumbi hakikaliwi.

Mwanga

Kule Stockholm, mwezi wa Desemba mchana una kama saa sita tu, na jua liko chini. Kuta zao nyeupe zipo ili kuusambaza huo mwanga mchache. Dar es Salaam au Mombasa jua la saa sita linakaribia utosi, na uani pamejaa mwanga wa kurudishwa na zege na mchanga. Nyeupe ileile hapa inakuwa mng'ao. Kwa hiyo tia kivuli kwanza, kwa baraza, ukingo mpana wa paa au vipande vya mbao mbele ya dirisha, hasa upande wa mashariki na magharibi ambako jua huingia likiwa chini. Ndani tumia nyeupe iliyochanganywa na kahawia kidogo, isiyong'aa. Paka kipande cha mita moja kwa moja kwenye kuta mbili tofauti, ukitazame asubuhi, saa nane na usiku chini ya taa zako mwenyewe. Rangi iliyochaguliwa kwenye karatasi ya dukani hudanganya. Hadi kimo cha sm 120 weka rangi inayofutika, kwa sababu masanduku yatagusa.

Usiku ndipo mtindo huu unapojulikana. Msiweke mistari ya taa kali darini. Kwa ukumbi wetu wa mita za mraba 96, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 19,000 kwa jumla zinatosha, yaani balbu 24 za lumeni 800: takriban nusu darini, nyingine za kuning'inia, za kusimama na za ukutani. Zote ziwe kelvini 2700, yaani mwanga wa manjano hafifu, na CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi) ya 90 au zaidi, maana mbao nzuri chini ya taa ya CRI 70 inaonekana kama kadibodi. Nunua akiba ya balbu kutoka katoni ileile. Ikiungua moja ukaweka ya kelvini 6500, nyeupe ya kuelekea buluu, ukumbi mzima umeharibika. Gawa swichi katika saketi tatu: mchana, jioni, na baada ya saa nne usiku.

Taa za kuning'inia juu ya meza ziishie sm 60 juu ya ubao. Poul Henningsen, mbunifu wa Denmark aliyebuni taa ya PH 5 mwaka 1958, alipanga vifuniko kwa tabaka ili jicho lisikutane na balbu. Lijaribu hilo: kaa kwenye kila kiti, hata kwenye benchi la mlangoni. Ukiiona balbu, badilisha kifuniko au shusha taa.

Mbao, na kwa nini zinapasuka

Huna haja ya kuagiza mwaloni. Mafundi wa Denmark wa miaka ya 1950 na 1960 walitumia sana mtiki, na mtiki unapandwa Tanzania: Longuza kule Muheza, Mtibwa, na bonde la Kilombero. Ukitaka weupe zaidi, paina ya Sao Hill, Mufindi, inafaa kwa dari na viambaza, lakini ni laini mno kwa meza.

Tatizo kubwa ni unyevu. Mbao za sokoni mara nyingi zina unyevu wa asilimia 18 au zaidi. Ziingize kwenye ukumbi wa kiyoyozi, zitashuka kuelekea 10, na ubao wa meza wa paina wenye upana wa sm 90 unaweza kupungua zaidi ya sentimita moja. Fundi akiwa ameugandisha kwa gundi kwenye fremu, hauna pa kwenda, unapasuka. Dai mbao zilizokaushwa kwa tanuri hadi asilimia 10 au 12, upime mwenyewe kwa kipima unyevu mbele ya fundi, na ubao wa juu ufungwe kwa skrubu zilizopita kwenye matundu marefu. Ziache ndani ya ukumbi wiki mbili, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, kabla ya kuchonga.

Usipake vanishi ya kung'aa. Msasa namba 120, kisha 180, halafu mafuta ya mbao yenye nta (hardwax oil), mikono miwili au mitatu. Yaliyobaki juu yafutwe ndani ya dakika 15, la sivyo yatanata. Kwa paina chagua mafuta yenye rangi nyeupe kidogo, kwani jua huigeuza manjano. Vitambaa vya kufutia viloweke majini kabla ya kutupa: vikikunjwa vikiwa na mafuta bila kuloweshwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

Sakafu, vitambaa na mwangwi

Pwani, sakafu ya mbao chini kabisa ya jengo ni kujitafutia ugomvi na unyevu. Weka terazo ya kijivu hafifu au marumaru isiyong'aa ya daraja la R10 (kipimo cha kutoteleza), na mkeka mzito wa mita tatu mlangoni uzuie mchanga.

Zulia la sufu linaliwa na nondo, na ngozi ya kondoo huota ukungu. Zulia la katani ni mbadala mzuri, ila doa la maji halitoki, hivyo liweke mbali na mlango na baa. Zulia liwe kubwa kiasi kwamba miguu ya mbele ya viti vyote ikanyage juu yake. Vitambaa vya viti viwe vya kustahimili misuguano 40,000 kwa kipimo cha Martindale, vyenye zipu, seti mbili: moja kitini, moja kwa dobi.

Mwangwi unatibiwa darini. Fito za paina za mm 20 kwa 40, zikiachana mm 15, nyuma yake kitambaa cheusi na pamba ya mwamba (rock wool, ya kunyonya sauti) ya mm 50, zikifunika angalau theluthi ya dari, juu ya makundi ya viti. Kwa kuwa lobi ni njia ya kutokea moto ukizuka, fito zipakwe dawa ya kuzuia moto, na ramani ionwe na zimamoto kabla fundi hajapigilia ya kwanza.