Lainisha revolva, lakini fataki iwake

Machi iliyopita, kwenye mashindano ya klabu yetu ya shabaha hapa nje ya Columbus, Ohio, nilivuta kifyatulio cha revolva yangu mara sita. Mara mbili ikalia, mara nne ikasema "kacha" tu. Kijana mmoja wa Moshi, tunayeenda naye huko kwa gari moja, alininyamazia kwa heshima. Tulipofika barabara kuu uvumilivu ukamwisha: "Mzee, si ulisema umeitengeneza?"

Nilikuwa nimeitengeneza, tena kupita kiasi. Nayaandika haya ili wewe usipate aibu ile.

Maelezo yangu ni ya Smith & Wesson za fremu ya K na L (saizi mbili za mwili wa revolva), zenye springi bapa ndani ya mpini. Yangu ni Modeli 686, na napiga risasi za .38 Special ninazojaza mwenyewe. Revolva za Ruger, kampuni nyingine, matumbo yake ni mengine, kwa hiyo usibebe vipimo vyangu ukaenda navyo huko. Kama uko Afrika Mashariki, kazi hii mpe fundi mwenye leseni.

Kabla ya yote toa risasi zote, tazama matundu yote ya silinda, yapitishe kidole, halafu risasi zipeleke chumba kingine. Vaa miwani.

Sasa elewa jambo moja ambalo mimi nililiruka. Uzito unaousikia kidoleni unatoka kwenye springi mbili zenye kazi tofauti. Springi kuu, ile bapa, ndiyo inayoirusha nyundo ili pini igonge fataki, kile kikombe kidogo kilicho kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti. Springi ya pili ni ya kujiviringa (koili), imekaa ndani ya kitelezi nyuma ya kifyatulio, na kazi yake ni kukirudisha kifyatulio mbele. Hii ya pili haiigongi fataki hata kidogo, ila kidole kinailipia kila ukivuta. Basi anza kuipunguza hiyo. Watu wengi, na mimi nikiwemo, tunakimbilia springi kuu kwa sababu ndiyo rahisi kuifikia.

Urahisi wenyewe ni skrubu moja iliyo mbele ya mpini, karibu na chini, inayoisukuma springi kuu. Ukiilegeza nusu mzunguko, kifyatulio kinakuwa kama siagi, na unajiona fundi. Tatizo ni kwamba skrubu iliyolegezwa haitulii. Kila mlio unaitikisa, nayo inaendelea kutoka. Ya kwangu nilipoifungua jioni ile ilikuwa imetoka karibu mizunguko miwili. Skrubu hiyo ikazwe mpaka mwisho, siku zote. Ukitaka springi iwe nyepesi, nunua springi nyepesi, au nunua skrubu ya pili uipunguze urefu kwa tupa. Ile ya kiwandani ihifadhi.

Haya, tufuate mpango.

Pima kwanza. Mizani ya kuvutia iweke katikati ya kifyatulio, vuta bila kukoki (yaani bila kuirudisha nyundo nyuma kwanza kwa kidole gumba), mara kumi, chukua wastani. Yangu ilipotoka dukani ilikuwa ratili 12, kama kilo 5 na nusu. Andika.

Pili, safisha. Marehemu baba alikuwa fundi saa pale Ngamiani, Tanga, na alinikataza kugusa springi yoyote kabla sijatoa uchafu. Huku ni vilevile. Masizi yakijaa chini ya nyota ya kutolea maganda, silinda inazunguka kwa shida na wewe unadhani ni springi. Isukume pia silinda mbele na nyuma kwa vidole. Ikicheza sana, ganda linakimbia mbele pini inapoligonga na nguvu inapotea. Hapo usihangaike na springi, mpelekee fundi aliyesomea.

Kufungua kifuniko cha ubavuni tumia bisibisi inayojaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, na zipange kwa mfuatano kwa sababu hazilingani. Usikibanue kifuniko. Gongagonga mpini kwa ushikio wa mbao wa bisibisi, kitapanda chenyewe. Springi ya kitelezi itaruka, kwa hiyo ifunike kwa kitambaa unapoitoa. Mimi ya kwanza niliikuta siku ya tatu, ndani ya kiatu cha mke wangu.

Kitelezi kisugue chini na ubavuni kwa jiwe laini lenye oili, kikilala bapa, mpaka kiwe kama kioo. Unang'arisha tu, hupunguzi chuma. Meno ambayo nyundo na kifyatulio vinashikania usiyaguse kabisa. Ukiyaharibu, nyundo iliyokokiwa inaweza kuanguka yenyewe ikisukumwa. Kisha weka springi nyepesi: ya kiwandani huwa ya ratili 18 hivi, mimi nimeweka ya 15. Chini ya hapo kifyatulio changu kilianza kurudi kwa uvivu, na ukipiga haraka kidole kinakitangulia. Mwaka 1999 Jerry Miculek, bingwa wa revolva wa Marekani, alipiga risasi 6, akajaza upya, akapiga 6 nyingine kwa sekunde 2.99. Kifyatulio kivivu hakiwezi mwendo huo.

Unapofunga, angalia kile kipande chembamba kirefu kinachoizuia nyundo isigonge revolva ikianguka. Watu hukisahau mezani, kwa sababu bila hicho revolva inafanya kazi vizuri tu, mpaka siku ya kuanguka.

Sasa ndipo uje kwenye springi kuu, na hapa mwenye neno la mwisho ni fataki. Fataki za kampuni ya Federal ni laini, zinawaka kwa mguso mdogo. Za kampuni ya CCI ni ngumu. Ukiipima revolva kwa Federal halafu dukani ukakosa ukanunua CCI, yatakukuta yangu. Jaribu kwa fataki ngumu kuliko zote utakazowahi kutumia.

Na kama unajaza mwenyewe, hakikisha fataki imezama kidogo kuliko kitako cha ganda. Pitisha kidole juu ya kila moja. Iliyochomoza inakula pigo la kwanza kwa kuzama tu, na pigo la pili ndilo linaiwasha. Hiyo ndiyo dalili: isiyolia mara ya kwanza ikalia ya pili, lawama ianzie kwenye meza yako ya kujazia. Nilipozichunguza zile nne zangu, moja ilikuwa hivyo. Tatu zilikuwa na kishimo kifupi cha pini, yaani nyundo dhaifu.

Punguza skrubu ya akiba kidogo kidogo, pande la milimita 0.1, kisha nenda ukapige. Vuta bila kukoki, maana ukikoki nyundo inaanza safari kutoka mbali zaidi na inagonga kwa nguvu, itakudanganya. Isipolia, shikilia mtutu ukielekea shabaha, hesabu sekunde 30 ndipo ufungue silinda. Endelea mpaka moja ikatae, kisha rudisha uzito wa kifyatulio juu kwa nusu ratili nzima au zaidi. Usikae ukingoni. Januari hapa oili inaganda, na nyundo inakuwa nzito kuamka kama sisi.

Mimi nimetulia kwenye ratili 9. Wapo wanaojisifia 6, wanapiga Federal tupu, sawa, ni zao.

Aprili nilirudi na risasi 120 za CCI, kijana wa Moshi akihesabu. Zote zililia. Njiani akaniomba nimlainishie na ile yake anayoiweka nyumbani kwa ulinzi. Nimemkatalia. Hiyo ibaki na springi zake za kiwandani.