Kuifanya ChatGPT ijibu unachoandika kwenye Chrome
Kama umechoka kufungua malinki kumi ndo upate jibu moja, kwenye Chrome ya kompyuta unaweza kuseti ukiandika swali pale juu panapoandikwa anwani ya tovuti liende ChatGPT moja kwa moja. Hapo hapo andika chrome://settings/searchEngines, piga enta, shuka mpaka "Site search", bonyeza "Add". Jina weka lolote, shotkati weka gpt, ila kwenye URL ndo pa kuwa makini: https://chatgpt.com/?q=%s, na hiyo %s usiiache maana ndo swali lako linapokaa. Sevu, bonyeza vidoti vitatu pembeni yake, chagua "Make default", basi. Mi kwa vitu vya chapchap kama matokeo ya mechi naiona ChatGPT inajivuta, so naandika google.com, napiga Tab, natafuta kama zamani.