Uzio wa umeme wa kuzuia dubu kwenye banda la kuku: shida iko kwenye ethi (fimbo inayounganisha mashine ya uzio na ardhi)

Wiki iliyopita nilikuwa kwa mama mmoja wa kanisani kwetu hapa Missoula, Montana. Kuku wake tisa waliisha usiku mmoja. Mlango wa banda ulikuwa umeng'olewa pamoja na bawaba zake, na mumewe alishaanza kuulizia bunduki. Nikamwambia, kaka, hebu tulia kwanza. Dubu wa kahawia aina ya grizzly analindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975, na huwezi kumpiga risasi kwa sababu ya kuku. Rangi nayo isikudanganye: huku dubu weusi wengi wana manyoya ya kahawia. Grizzly mtambue kwa nundu ya mabegani.

Sisi tuliolima Kivu au Kigoma tumezoea nyani na nguruwe pori. Unajenga kibanda, unagonga debe, unawasha moto. Dubu debe litamshtua siku mbili, ya tatu anakula huku anakusikiliza. Kinachomrudisha nyuma ni umeme, tena ule uliofungwa vizuri.

Hatua ya 1: Ondoa kinachomwita

Pumba na nafaka za kuku ziingie kwenye pipa la chuma, pipa liingie ndani ya nyumba au gereji. Tufaha zichumwe zote, hata zilizooza chini. Taka zitoke asubuhi ya siku ya gari la taka, si usiku wa kuamkia siku hiyo. Kuanzia Agosti dubu anajinenepesha kwa ajili ya usingizi wa baridi na anaweza kula kalori 20,000 kwa siku, kwa hiyo usidhani atadharau mfuko wako wa pumba.

Hatua ya 2: Nunua enajaiza kwa joule

Enajaiza ni ile mashine inayosukuma umeme kwenye waya kwa mapigo, takriban pigo moja kila sekunde. Dukani utaona boksi limeandikwa maili 10, maili 25, yaani urefu wa uzio wanaodai inaweza kuumudu. Achana na maili. Tafuta joule, yaani nguvu ya kila pigo: kwa dubu isipungue 0.7, na waya usome volti 6,000 au zaidi. Vile vya sola vidogo vya bei rahisi ni vya kumtisha sungura. Kama una soketi karibu, chukua ya kuchomeka ukutani. Najua wapo wanaopenda sola. Mimi nimeshazika kuku wa kutosha.

Hatua ya 3: Nguzo na waya

Nguzo za chuma, vishikio vya plastiki, mistari mitano ya waya. Wa kwanza uwe inchi 8 hadi 10 kutoka chini, inayofuata iachane inchi 8 hadi 10, wa juu ufike karibu futi 4. Manyoya ya dubu ni mazito na umeme haupenyi, kwa hiyo unataka aguse kwa pua. Uzio ukae angalau futi 3 mbali na banda, ili akutane na waya kabla hajashika ukuta. Nyasi chini ya waya fyeka.

Hatua ya 4: Ethi

Hapa ndipo nilipopotezea majira mazima, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka wangu wa kwanza nilifunga uzio Aprili. Nilipigilia kipande cha nondo cha futi mbili, nikaunga waya wa ethi, nikapima: volti 7,000. Nikalala. Agosti nikaamka nikakuta kuku kumi na mmoja hawapo. Waya haukuwa umekatika hata mmoja. Mstari wa pili ulikuwa na vishungi vya manyoya meusi, vimenasa kama sufu kwenye miba. Alikuwa amejipenyeza taratibu katikati ya nyaya, mgongo ukakwaruza, asisikie kitu. Nikapima tena pale pale, mita ikasema 6,000 na kitu. Nikaanza kulaani mashine.

Mashine ilikuwa nzima. Umeme lazima uzunguke: utoke kwenye enajaiza, upite kwenye waya, uingie kwenye pua ya dubu, ushuke hadi nyayo, usafiri ndani ya udongo, upande fimbo ya ethi, urudi kwenye mashine. Udongo ukikauka, njia hiyo imekatika, na dubu anakuwa kama ndege aliyetua kwenye nyaya za barabarani. Mita haikuniambia hilo kwa sababu yenyewe inavuta umeme kidogo mno. Aprili ardhi ya bonde letu ina maji ya theluji. Agosti ni vumbi.

Basi fanya hivi. Kabla ya kuchimba piga 811, ni bure, watakuja kuweka alama za mabomba na nyaya zilizofukiwa. Kisha pigilia fimbo tatu za chuma zilizopakwa zinki, kila moja futi 6 au zaidi, ziachane futi 10, mbali na ethi ya umeme wa nyumba. Usitumie nondo yenye kutu. Usichanganye shaba na chuma, maungio yataliwa. Fimbo zote ziunganishwe kwa waya mmoja na vibano vya kukaza, si kwa kuzungushia waya kwa mkono. Mahali pazuri ni chini ya mchirizi wa paa, au pale maji ya kunyweshea kuku yanapomwagika.

Sasa jaribu, na jaribu Agosti. Zima mashine. Nenda kona ya mbali kabisa, egemeza vyuma kwenye nyaya za umeme hadi vichomeke ardhini, ili mashine ikiwashwa umeme ulazimike kushuka udongoni. Washa. Volti kwenye uzio zishuke chini ya 2,000. Zisiposhuka, zima, ongeza vyuma. Kisha pima kwenye fimbo ya mwisho ya ethi, mguu wa pili wa mita ukiwa umechomekwa udongoni mbali kadiri waya wake unavyofika. Ikizidi volti 300, ethi haitoshi. Ongeza fimbo.

Ukiongeza mpaka ukachoka na bado inazidi, badilisha mpangilio: mstari wa 1, 3 na 5 iwe ya umeme, wa 2 na wa 4 uungwe kwenye ethi. Dubu anayejipenyeza atagusa yote miwili kwa pamoja, na udongo hautakuwa na la kusema. Kwa mama yule nilianza na mpangilio huu moja kwa moja.

Hatua ya 5: Lango

Nalo liwe na umeme.

Hatua ya 6: Simu na risiti

Kama dubu ameshakula, piga Idara ya Samaki, Wanyamapori na Mbuga ya Montana (FWP) siku hiyo hiyo. Dubu aliyezoea kuku atarudi, na akizoea sana wataishia kumuua. Risiti zote tunza: shirika la Defenders of Wildlife limekuwa likiwarudishia wafugaji wa maeneo yenye grizzly nusu ya gharama ya uzio, hadi dola 500. Mama yule risiti ya fimbo alikuwa ameshaitupa, tukarudi dukani kuomba nyingine.